Naitrojeni Katika Tuta la Mchicha

Mzizi wa mmea hauishi peke yake ardhini. Umezungukwa na tabaka la udongo lenye unene wa milimita chache tu, na ndani ya tabaka hilo bakteria na kuvu hujazana kuliko mahali pengine popote shambani. Mwanasayansi Mjerumani Lorenz Hiltner aliliita rizosfia mwaka 1904. Kinachovivuta vijidudu hivyo ni chakula. Mmea hutengeneza sukari majanini kwa nguvu ya jua, na sehemu ya sukari hiyo huvujia ardhini kupitia mizizi, pamoja na asidi na vitu vingine vinavyolika. Huo ni mshahara, na una kazi yake. Wapo bakteria wanaoyeyusha fosforasi iliyong'ang'ania chembe za udongo, wapo wanaonasa naitrojeni ya hewani, wapo wanaotoa homoni za kurefusha mizizi, na wapo wanaowabana wenzao wanaoleta magonjwa. Kuvu nazo hutandaza nyuzi nyembamba mno, zikaleta maji na madini kutoka mahali ambako mzizi haufiki.

Mbolea ya naitrojeni hubadilisha masharti ya mshahara huo. Mmea uliomwagiwa naitrojeni hauna sababu ya kumlipa anayeitafuta kwa jasho. Hilo halibishaniwi. Kinachobishaniwa ni ukubwa wa madhara, na hapo majibu hutofautiana kutoka udongo hadi udongo, na kutoka zao hadi zao. Bustani za mboga za pembezoni mwa Dar es Salaam zina jibu lao, na jibu hilo halifanani sana na lile linaloandikwa kuhusu mashamba ya ngano ya Ulaya.

Bustani hizo zimeshika mabonde na viwanja ambavyo bado havijajengwa. Upande wa Kinondoni zipo kandokando ya mto Tegeta, na kuendelea Boko, Bunju na Mabwepande. Upande wa Temeke zimefuata mabonde ya Kizinga na Mzinga, na viwanja vya kuelekea Chamazi na Toangoma. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilikiruhusu kilimo hiki kwa masharti, mtu mmoja asizidi ekari 3. Tafiti za miaka ya 1990 zilikadiria kuwa takriban asilimia 90 ya mboga za majani zilizoliwa jijini zilitoka humohumo jijini na pembezoni mwake. Tangu hapo nyumba zimemeza viwanja vingi, lakini mboga za majani hazivumilii safari ndefu juani, kwa hiyo bustani husogea mbele ya ujenzi badala ya kutoweka.

Zao linaloongoza ni mchicha, kwa sababu ya haraka yake. Mbegu zikisiwa leo, ndani ya wiki tatu au nne tuta limeshauzwa, aghalabu zima zima, kwa mchuuzi anayekuja kung'oa mwenyewe. Pembeni yake hulimwa chainizi, figiri, matembele, bamia, majani ya maboga na majani ya kunde. Mboga ya majani inataka naitrojeni kuliko kitu kingine, maana ndiyo inayojenga rangi ya kijani na upana wa jani, navyo ndivyo mnunuzi anavyovitazama. Mchanga wa pwani hauna akiba ya kutosha ya kirutubisho hicho. Mkulima huanza na samadi ya kuku, kisha hukuzia kwa urea iliyonunuliwa kwa kupimiwa kilo moja moja, huirushia kwa mkono au huiyeyusha katika keni ya kumwagilia.

Hesabu ya mbolea hiyo inashangaza ikifanywa kwa mwaka mzima. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Tuta la mita 1 kwa 10 likipewa gramu 100 za urea hupata gramu 46 za naitrojeni, ambazo kwa kipimo cha hekta ni kilo 46. Kwa zao moja hicho si kiasi cha kutisha. Ila tuta hilohilo likipandwa mara 8 kwa mwaka, na kila mara likapewa kiasi hichohicho, jumla inafika kilo 368 kwa hekta, bila kuhesabu samadi. Mwezi Juni 2006 wakuu wa nchi za Afrika waliazimia huko Abuja kwamba matumizi ya mbolea barani yapande kutoka kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50. Tuta la mchicha linaweza kulipita lengo hilo zaidi ya mara saba, ilhali mkulima wa mahindi katika nchi hiyohiyo huenda halijui hata nusu yake. Ndiyo maana wito wa jumla wa kuongeza mbolea, na wito wa jumla wa kuipunguza, yote miwili hukosea ikifika kwenye matuta ya Mbagala, Temeke.

Punje ya urea ikishaangukia udongo wenye unyevu, wa kwanza kuifikia si mzizi. Ni vijidudu. Kimeng'enya kiitwacho urease, ambacho kwa sehemu kubwa hutokana na vijidudu vya udongo, huivunja urea ikawa amonia katika siku chache, na katika joto la Dar es Salaam kazi hiyo haicheleweshwi. Urea ikiachwa juu ya tuta bila kufunikwa wala kumwagiliwa, sehemu ya amonia hupotea hewani. Harufu yake kali huwa ni fedha inayoondoka. Kundi la pili la bakteria, wakiwemo Nitrosomonas na ndugu zake Nitrosospira, hugeuza amonia kuwa nitriti, na Nitrobacter na wenzake huigeuza nitriti kuwa nitrati. Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wa kazi hii karibu na mwaka 1890. Karne moja na zaidi baadaye, mwaka 2005, watafiti walifanikiwa kukuza kiumbe wa kundi tofauti kabisa, la arkea, anayeweza kuoksidisha amonia vilevile. Tofauti ya makundi hayo mawili ina maana bustanini: arkea huridhika na amonia kidogo inayotoka polepole kwenye mboji, ilhali bakteria hao hushamiri pale mbolea inapomwagwa kwa wingi. Kwa hiyo mbolea ya kukuzia haiui tu wala haikuzi tu. Inachagua nani aongezeke.

Je, jumla ya uhai wa udongo hupungua? Mwaka 2008 Kathleen Treseder wa Chuo Kikuu cha California alikusanya matokeo ya majaribio 82 yaliyofanywa nje ya maabara, na akakuta kwamba naitrojeni ilipunguza uzito wa vijidudu kwa wastani wa asilimia 15. Miaka sita baadaye, Daniel Geisseler na Kate Scow wa chuo hichohicho wakachambua majaribio 64 ya muda mrefu katika mashamba ya mazao, wakapata kinyume chake: mbolea za viwandani ziliongeza vijidudu kwa wastani wa asilimia 15 ukilinganisha na mashamba yasiyopewa kitu. Tafiti hizi mbili hazigombani. Geisseler na Scow waliona kwamba ongezeko lilionekana pale pH ya udongo ilipobaki nzuri, na pale iliposhuka chini ya 5 mbolea iliwapunguza vijidudu. Zaidi ya hayo, shamba lililopewa mbolea huzaa mimea mikubwa, nayo huacha mizizi na mabua mengi ardhini, na mabaki hayo ndiyo chakula cha vijidudu mwaka unaofuata.

Hapo ndipo tuta la mchicha linapoachana na mashamba ya majaribio. Mchicha wa wiki nne hung'olewa na mizizi yake, udongo ukakung'utwa, mizizi ikaoshwa, fungu likaenda sokoni. Hakuna bua linalobaki, wala shina, wala mzizi wa kuoza. Tabaka lenye uhai mwingi kuliko yote, lile la milimita chache, huondoka limeshikamana na mizizi, na kinachobaki ni mchanga uliolowa urea. Naitrojeni imeingia, kaboni imetoka. Faida ya asilimia 15 iliyopimwa kwingineko ilipitia kwenye mabaki ya mazao, na njia hiyo hapa imekatwa. Kosa kubwa la bustani za aina hii, kwa maoni ya mwandishi, haliko kwenye mfuko wa urea. Liko kwenye kung'oa kila kitu bila kurudisha mabaki yoyote ya mazao.

Tindikali ni jambo la pili. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitrati hutoa ayoni za haidrojeni, na nitrati isiyochukuliwa na mmea ikishuka na maji huburuta kalsiamu na magnesiamu, ikaacha uchachu juu. Aina ya mbolea ina uzito wake. Kwa kanuni ya kawaida ya wataalamu, kila kilo ya naitrojeni inayotoka kwenye urea huhitaji takriban kilo 1.8 za chokaa ya kilimo ili kufuta uchachu wake. Ikitoka kwenye salfeti ya amonia (SA) huhitaji zaidi ya kilo 5. CAN, yaani nitrati ya amonia na kalsiamu, kwa kuwa imechanganywa na chokaa, ndiyo inayochachusha kidogo zaidi. Huko Rothamsted, Uingereza, jaribio la majani ya malisho lililoanza mwaka 1856 lina vipande vilivyopewa SA tangu zama hizo bila chokaa, na pH yake imeshuka chini ya 4. Juu ya vipande hivyo nyasi zilizokufa hazikuoza kama kawaida. Zilirundikana, kwa kuwa waozeshaji wamedhoofika.

Dar es Salaam haina udongo mmoja. Kuzunguka Wazo, ambako saruji imezalishwa tangu 1966 kwa mawe ya chokaa ya pwani, na kuteremka Kunduchi, kuna ardhi yenye asili ya matumbawe ambayo hufuta uchachu yenyewe. Hatari ya huko ni nyingine: udongo wenye chokaa huipoteza amonia hewani kwa kasi. Mchanga wa vilima vya Temeke hauna kinga hiyo. Una mfinyanzi kidogo na mboji kidogo, hivyo hauna cha kuzuia pH isiyumbe, na misimu michache ya SA inaweza kuubadilisha. Mabonde nayo yana udongo mzito unaotuama maji wakati wa masika. Humo bakteria waliokosa hewa hupumulia nitrati badala ya oksijeni, wakairudisha naitrojeni angani, sehemu yake ikiwa oksidi ya nitrasi, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 270 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Mkulima aliyeweka urea siku moja kabla ya mvua kubwa bondeni ameilisha anga.

Kati ya vijidudu vyote vya mizizini, wanaoumia wazi zaidi ni wale wa mikunde. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walionyesha kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewani kupitia vinundu vya mizizi, na mwaka 1888 Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wanaoishi humo. Kunde, zao la asili ya Afrika, haichagui sana. Huwapokea bakteria wa jenasi ya Bradyrhizobium ambao tayari wamo katika udongo mwingi wa Tanzania. Lakini kuvunja molekuli moja ya naitrojeni ya hewani hugharimu angalau molekuli 16 za ATP, nishati inayotoka kwenye sukari ya mmea. Mmea ukikuta nitrati ya kutosha karibu na mizizi huacha kugharamia. Huwakatalia bakteria kuingia kwenye vinyweleo vya mizizi, na vinundu vilivyokwisha kuota huvinyima sukari. Katika bustani za majani ya kunde hali hii ni ya kawaida: zao lenye uwezo wa kujilisha naitrojeni bure hupewa urea sawa na mchicha, likaacha kazi yake.

Likiwa jambo la msimu mmoja, hasara ni ndogo. Likiendelea miaka mingi, bakteria wenyewe hubadilika. Mwaka 2015 Jennifer Lau na wenzake walichapisha matokeo kutoka jimbo la Michigan, Marekani, ambako vipande vya ardhi vilipewa naitrojeni kwa miaka 22. Bakteria waliochukuliwa humo, wakaunganishwa na mimea ya klova, waliikuza vibaya: mimea hiyo ilikuwa na uzito pungufu kwa asilimia 17 hadi 30 kuliko ile iliyopewa bakteria wa vipande visivyotiwa mbolea. Pale mmea usipolipa kwa kazi, bakteria wavivu hawana cha kupoteza, nao huzaana. Klova si kunde, na Michigan si Chamazi, ila utaratibu wa uteuzi ni mmoja.

Kuvu za mizizi zina habari yake ya pekee, na isipojulikana lawama hupotea njia. Mimea mingi ya nchi kavu hushirikiana na kuvu hizi. Mchicha na jamaa zake kwa kawaida haishirikiani nazo. Chainizi, figiri na kabichi nazo vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, mazao yanayopendwa kuliko yote katika matuta ya Dar es Salaam ni yaleyale ambayo hayana mkataba na kuvu, na tuta linalozunguka kati ya mchicha na chainizi mwaka mzima huzinyima kuvu mwenyeji hata kama halijawahi kuona urea. Spora zake hubaki ardhini zikisubiri, zikipungua. Matembele, bamia, maboga na kunde huzipokea. Fosforasi nyingi huziumiza pia. Katika uchambuzi mwingine wa Treseder, wa mwaka 2004, upungufu wa kuvu za mizizi ulioletwa na fosforasi ulikuwa takriban mara mbili ya ule wa naitrojeni.

Hilo la fosforasi linairudisha mezani samadi ya kuku, ambayo wengi huiona haina hatia. Samadi hiyo ina fosforasi nyingi, na ikiwa mbichi hutoa amonia inayounguza miche kama urea iliyozidi. Hata hivyo ina kitu ambacho urea haina: kaboni. Thamani yake hutegemea na matandiko ya banda. Maranda na pumba za mpunga zina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo samadi yenye maranda mengi ikitiwa kabla ya kuoza, bakteria hunyang'anya naitrojeni ya udongo ili waweze kuyala, na mchicha hugeuka njano kwa muda. Ikilundikwa, ikamwagiwa maji na kugeuzwa wiki kadhaa, joto lake likishuka ndipo inafaa. Wanaohubiri samadi tupu na wanaohubiri urea tupu wangefaidika kuona bustani moja ikitumia samadi iliyooza kama msingi na urea kidogo kama nyongeza, maana majaribio ya muda mrefu katika nchi nyingi huonyesha uhai wa udongo ukiongezeka zaidi pale mboji na mbolea vinapokwenda pamoja kuliko pale mbolea inapokwenda peke yake.

Nitrati isiyotumika huenda chini. Katika mchanga safari yake ni fupi, na visima vifupi vya Temeke na Kinondoni viko hapohapo, vikipokea pia naitrojeni ya vyoo vya shimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Kwa bustani, maji yenye nitrati ni mbolea ambayo haikununuliwa, na mkulima anayemwagilia kwa maji hayo huku akiendelea na kipimo kilekile cha urea anaongeza juu ya kilichozidi.

Uharibifu mwingi wa aina hii hurekebishika. Bakteria wa kawaida hurudi ndani ya majuma wakipata kaboni na pH ya kufaa. Kuvu huchukua misimu, na zinataka mwenyeji. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kiliwahi kutengeneza bidhaa ya bakteria wa mikunde kwa jina la Nitrosua, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikatengeneza Biofix, lakini kwa kunde ya pwani bidhaa hizo si za lazima. Soya ndiyo inayozihitaji zaidi. Chokaa isiwekwe kwa kubahatisha: udongo upimwe kwanza, SUA au katika maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Mlingano huko Muheza, kwa kuwa ardhi ya Kunduchi huenda isihitaji chokaa hata kidogo. Urea igawanywe katika vipimo viwili vidogo, ifukiwe au imwagiliwe papo hapo, na isitiwe kabisa kwenye kunde iliyokwisha kutoa vinundu. Kinundu kinachofanya kazi kikipasuliwa kwa ukucha huwa na rangi ya waridi ndani. Cheupe au cha kijani hakifanyi kazi. Baada ya kila mizunguko mitatu au minne ya mchicha, tuta lipewe kunde au matembele kwa msimu mmoja, na kunde hiyo ikishamaliza kuchumwa ikatwe usawa wa ardhi. Ising'olewe.